Jina la Kompyuta ya Tunu

Saumu alikuwa akivipa majina vifaa vya mtandao wa nyumbani, ili mtu aandike neno badala ya kukariri namba. Tunu, mke mpya wa baba yake, aliketi karibu akimenya machungwa. Printa ilikwisha kuitwa printa.nyumbani. Chini yake kwenye orodha palikuwa na jina la zamani: rukia.nyumbani. Rukia alikuwa mama yake Saumu, na mashine yenye jina hilo ndiyo iliyohifadhi picha zake na sauti yake tangu alipofariki.

"Baba amesema nilibadilishe hili, Bi Tunu," Saumu alisema. "Hataki likuumize."

Kweli lilikuwa likimuumiza. Lakini Tunu alimwona binti yule amelikodolea macho lile jina, kidole kikisita.

"Liache, mwanangu. Ukimtafuta mama yako, mwite kwa jina lake."

Saumu akajifuta macho kwa kiganja. "Na kompyuta yako tuiite nani?"

"Nichagulie wewe."

Saumu akaandika herufi moja, m, kama ya mama, kisha vidole vyake vikatulia juu ya kibodi. Tunu akamsogezea chungwa, akangoja.