Mkia wa Duma

Kila wakifika kliniki, mbwa Duma alimchomoka Ngwale mkononi, akamkimbilia Daktari Rehani na kumlamba viganja, mkia hautulii.

"Tumeshazoeana, mzee wangu," daktari alicheka. "Hata sindano hajali."

Ngwale alitabasamu huku roho inamuuma. Yeye ndiye aliyemlea, lakini nyumbani Duma humpokea kwa kufumbua jicho moja tu.

Chanjo iliyofuata, alimpeleka ng'ambo ya soko, kwa daktari mwenye sauti ya kufoka. Mlangoni tu Duma alijikojolea, akajipenyeza kwapani mwa bwana wake.

"Mbona anatetemeka hivi?" daktari aliuliza. "Mpeleke kwa Rehani, ana mkono mwepesi."

"Tutakuja hapa hapa," Ngwale alisema, akazidi kumkumbatia, ausikie vizuri moyo wa mbwa ukidunda kifuani pake.