Kitufe cha Ha

"Ukikigusa kitufe hicho tena, Adham, wallahi nakukata kidole."

Adham aliondoa mkono kwenye kibodi akacheka. "Kata. Vitabaki tisa."

Rudayna hakucheka. Ilikuwa saa nane na robo, na saa tisa Umm Ghaith, mteja wao, angepanda zile ngazi. Alikuwa ameinuka kitini mara nne bila sababu, na mara nne akaketi.

Yeye ndiye aliyetengeneza Yaraa, programu ya kuandikia. Adham alitengeneza Naqsh, ya kuchorea. Kiwanda cha uchapaji cha Umm Ghaith, hapo chini mtaani, mjini Irbid, Yordani, kilitumia zote mbili, na hakukuwa na mahali pengine palipobaki pakitumia Yaraa. Kikiitupa, miaka minne ya Rudayna ingekwenda na maji.

Na ugomvi wote ulikuwa wa herufi moja. Kwa Kiarabu, neno la kuhifadhi linaanza kwa ha. Neno la kufuta nalo linaanza kwa ha hiyohiyo. Ukibonyeza Kontroli na ha ndani ya Yaraa, kazi yako inahifadhiwa. Ukibonyeza hivyohivyo ndani ya Naqsh, inafutika. Wiki iliyopita mchapaji mmoja alimaliza jalada la kitabu alilolichora siku tatu, akataka kulihifadhi, akabonyeza alivyozoea. Alilia mpaka wakamrudisha kwao.

Umm Ghaith aliwaita wote wawili siku ileile.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini nyinyi mtakaa," aliwaambia. "Nataka Alhamisi vitufe vyenu viseme lugha moja. Mkishindwa, Jumapili nawafuta nyote kwenye mashine zangu, na wala sitahitaji ha."

Basi tangu asubuhi ya Alhamisi hiyo walikuwa wakiandika faili moja, ambalo programu zote mbili zingelisoma kila zinapofunguliwa: tendo hili, vitufe hivi. Walikuwa na mistari thelathini na moja. Kunakili, kubandika, kutafuta, kuchapisha. Waligombania kila mmoja, na kila mmoja ukapata mwafaka. Ulibaki wa ha.

"Kuhifadhi mtu anafanya mara mia kwa siku," Rudayna alisema.

"Na mchoraji anafuta mara mia mbili. Nusu ya kuchora ni kufuta, bi mhandisi."

"Ndiyo maana michoro yenu haiishi."

"Na nyinyi mnahifadhi kila takataka mnayoiandika."

Rudayna aliinuka mara ya tano, akaenda dirishani, akarudi.

"Sikiliza. Huu mstari wa mwisho kila mtu aandike wa programu yake, kwenye kompyuta yake. Maneno ni mawili tu. Ukiandika *yangu*, ha inabaki na maana yako. Ukiandika *ya mwenzangu*, programu yako itasubiri ya mwenzako iseme kwanza, kisha itaifuata. Akikubali mmoja tu, tumepona."

"Na nani atakubali?"

Rudayna alimtazama. Adham alitazama dari. Kisha akachukua funguo zake. "Nashuka kununua kaaki, mkate wa ufuta. Siwezi kugombana nikiwa na njaa."

Alipotoka, mguu wa Rudayna ulikuwa ukitikisa meza. Aliivuta kompyuta yake. Aliandika, akafuta. Akaketi akiung'ata ukucha wa kidole gumba. Akaandika tena, na aliposikia viatu vya Adham ngazini aliufunga mfuniko haraka.

"Umeandika?" Adham aliuliza, mkate mdomoni.

"Nimeandika."

"Nini?"

"Wewe umeandika nini?"

"Mimi bado nakula, mama."

Rudayna aliingia jikoni kutia majani ya mrehani-mwitu kwenye chai. Kutoka huko alisikia vitufe vikigongwa, kisha kimya kirefu, kisha vikagongwa tena. Alitoka na birika mkononi. Adham alishtuka, akaondoa mkono.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nafuta ufuta. Huu mkate wako unamwagika."

"Mkate wangu? Nani kaununua?"

Adham aliendelea kupangusa kibodi, macho chini. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Ijumaa. Rudayna aliliweka birika mezani kwa kishindo. Alitaka kumwambia afungue hiyo kompyuta waione pamoja. Alifungua mdomo, na mlango ukagongwa.

Umm Ghaith alikuwa amewahi kwa nusu saa. Alikuwa akihema, na kompyuta ya kiwandani ameikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa.

"Karibu chai, Umm Ghaith."

"Chai baadaye. Nipeni faili."

"Hatujalijaribu," Adham alisema.

"Ndiyo nimekuja kulijaribu."

Walimpa faili, kisha kila mmoja akaongeza mstari wake, mmoja baada ya mwingine, kutoka kwenye kidude chake cha kubebea faili. Umm Ghaith alizifungua Yaraa na Naqsh bega kwa bega. Kwenye Yaraa aliandika jina la mchapaji wake. Kwenye Naqsh alichora duara lililopinda.

"Bismillahi." Akabonyeza Kontroli na ha.

Jina lilibaki palepale. Akahamia kwenye duara, akabonyeza. Duara nalo likabaki. Akabonyeza tena, na tena, mpaka bangili zikalia. Hakuna kilichohifadhiwa, hakuna kilichofutwa, na sasa hata kishale kilikuwa kimeganda.

Umm Ghaith aliwageukia, macho yamemtoka. "Nani kati yenu amekataa kupatana?"

Wote wawili walikuwa wameinama kwenye skrini, vichwa vyao vikikaribia kugongana, wakisoma maandishi madogo yaliyotokea chini ya kila programu.

Chini ya Yaraa: *Nasubiri Naqsh itangulie.*

Chini ya Naqsh: *Nasubiri Yaraa itangulie.*