Alingoja Nijibu

"Matone tano mu kinywa," nilimwambia Papa Umba, nikamsogezea kichupa juu ya meza ya duka langu la dawa.

Miaka thelathini alibadilisha njia za treni hapa Kamina, na hakuvuta wenzo kabla ya kurudia amri na kungoja aliyeitoa aseme "njo vile," yaani ndivyo. Amestaafu, lakini tabia haikumtoka. Siku hiyo foleni ilifika mlangoni, naye alikuwa ananichosha.

Alihesabu matone matano kwenye kijiko. Mkewe, aliyeshikilia kitambaa kwenye sikio la kulia, akafungua kinywa. Kijiko kikasimama karibu kabisa na midomo yake.

"Matone tano mu kinywa. Njo vile?"

Nilikinyakua kichupa nimsomee ile lebo ya Kiingereza, neno kwa neno, anyamaze. Iliandikwa "aural". Mimi nilikuwa nimesoma "oral". Maneno hayo yanafanana kama mapacha, lakini "oral" ni la kinywa na "aural" ni la sikio.

"Hapana, Papa. Iko ya mu sikio. Minyi njo nilikosa."

Hakunilaumu. Aliyamwaga matone chini, akakifuta kijiko kwa shati. Nilimrudishia kichupa, nikaketi, foleni ikitutazama.

Akamwinamisha mkewe kichwa taratibu, akainua kichupa juu ya sikio, mkono ukatulia.

"Matone tano mu sikio. Njo vile?"

Niliisoma lebo tena kutoka mkononi mwake.

"Njo vile, Papa," nikasema. "Njo vile."