Mgongo wa Mzee Kibwana

Maisha yake yote, Mzee Kibwana akifika kwenye solo la gitaa aliwapa watu mgongo, wasione vidole vyake vinafanya nini. Shomari, mpenzi wa gitaa tu, alisikiliza kanda zake mpaka akaigundua siri: waya wa nne hulegezwa kidogo. Kwa furaha akarekodi video, akawafundisha watu bure mtandaoni.

Jumamosi mzee alipiga tena, na ukumbi ulijaa. Dada mmoja mwenye gitaa begani akampa mkono Shomari. "Kaka, umetusaidia sana. Siku hizi sote tunapiga kama mzee."

Shomari akageukia jukwaa.

Solo lilipofika, mzee alianza kugeuka kama kawaida, akasita. Kisha akawageukia tena watu, mikono ikiwa peupe. Hakuna aliyenyoosha shingo kuvitazama vidole. Shomari akainama, akaanza kufunga kamba za viatu zilizokwisha kufungwa.