Mifumo Miwili ya Nungunungu

Hapo kale, ila si kale sana, Nungunungu mpiga picha alikuwa na kompyuta ya polepole kama konokono. Komba fundi akataka kufuta mfumo endeshi wa kompyuta hiyo, aweke mpya.

“Thubutu! Na picha zangu?”

“Basi nitauweka kando ya ule wa zamani. Ukiwasha, utachagua.”

Jirani yake, Bata Mzinga, alipoiona kazi hiyo akacheka. “Shoga, umeweka wake wenza humo ndani! Watakuulia mashine.”

Siku ya harusi ya bintiye Bata Mzinga, wageni wakingoja Nungunungu awaonyeshe picha za bi harusi za tangu utotoni, mfumo wa zamani ukagoma. Bata Mzinga akaangua kilio. Nungunungu akazima, akawasha, akachagua ule mpya. Picha zote zilikuwa salama, zikang'aa ukutani.

Bata Mzinga akapiga vigelegele kuliko wote, kisha akamvuta Komba: “Mwanangu, kwangu unakuja lini? Na mashine yangu inataka wake wenza!”