Mashine Aliyoichagua Pasta Ogwang

Mara ya tatu juma lile, Pasta Ogwang aliingia dukani kwa Nerima pale Busia, akatazama nyuma kama mtu anayefuatwa, kisha akaomba aoneshwe tena zile mashine tatu za kusomea vitabu.

Nerima akazipanga juu ya kaunta. Kazi yake ilikuwa kuuza simu, chaja na redio. Mashine hizo zilikuwa zimekaa rafuni mwaka mzima bila kuulizwa na mtu. Pasta hakumfahamu. Nerima alimfahamu vizuri sana. Shangazi yake, Metrine, alikuwa mwenyekiti wa akina mama katika kanisa la Ogwang kule Rubongi, na mahubiri ya pasta huyo yalisifiwa hadi Malaba. Mkewe, Shallon, husimama akasoma mstari, kisha yeye huudaka na kuufafanua mpaka watu wazima wakalia.

"Hii nyeusi ndiyo bora, mzee," Nerima alisema. "Kioo chake kama karatasi, hata juani unasoma. Chaji inakaa wiki tatu. Hii ya kijivu kioo chake iko na rangi, lakini chaji ni siku tano tu. Na hii..." Aliisukuma ya tatu kwa ncha ya kidole. "Hii ni nzito, inachelewa kufungua kurasa, na chaji ikifika siku mbili ushukuru. Nimekuandikia zote hapa, ukalinganishe nyumbani."

Pasta aliikunja ile karatasi bila kuitupia jicho, akaitia mfukoni.

"Wewe niambie kwa mdomo tu. Ile iko na sauti ni gani?"

"Sauti?"

"Inasoma yenyewe. Mtu anasikia."

"Ni hii mbovu."

"Na waya ya masikio inakubali?"

"Inakubali."

"Na mtu akiokota, anaweza jua nasoma nini?"

"Unaweka namba za siri, mzee. Hakuna wa kujua."

Uso wa Pasta ulinawiri. Nerima akabana kicheko. Alikuwa amewauzia wanaume vitu kwa miaka tisa, na mwenye la kuficha alimjua tangu mlangoni.

"Nikuwekee vitabu? Iko Biblia, iko nyimbo za ibada, iko riwaya."

"Hapana!" Pasta alijibu haraka mno. Akafungua leso, akatoa kadi ndogo ya kumbukumbu. "Kitabu iko humu. Weka tu, usifungue."

Nerima aliweka. Hakufungua, na jambo hilo lilimuuma kuliko jino. Ile nyeusi nzuri ikarudi rafuni, ile mbovu ikaondoka imefungwa kwenye gazeti.

Kabla Pasta hajafika stendi, simu ilikuwa imeshaita Rubongi.

"Shangazi, pasta wenu amenunua mashine ya mambo machafu. Tena ya kusikiliza."

"Umeyaona hayo mambo?"

"Kama ni safi, mbona sikuyaona?"

Metrine alipima hoja hiyo na kuiona haina pa kupingwa. Kufikia Jumatano iliyofuata, habari ilikuwa imeota picha. Alhamisi zile picha zikawa za wanawake. Ijumaa mmoja wa wanawake hao alikuwa anajulikana kabisa, mjane wa huko Tororo, na watu walianza kumhurumia Shallon sokoni huku wakimpima kwa macho. Tena walikuwapo walioapa kwamba walimwona Pasta nyuma ya kanisa, mchana kweupe, waya masikioni, midomo ikimcheza na jasho likimtiririka.

Jumapili Nerima alifunga duka, akavaa gauni jipya la gomesi, akaenda Rubongi kumwabudu Mungu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Krismasi. Alikaa benchi la mbele, mahali ambapo hakuna kichwa cha kumziba.

Shallon akasoma. Pasta akahubiri habari za mwana mpotevu, na alihubiri hasa, hata machozi yakamlenga Nerima. Akayafuta upesi. Hakuja kwa ajili hiyo.

Baada ya baraka, Metrine alisimama.

"Pasta, sisi akina mama tuko na swali moja. Hiyo mashine yako iko wapi?"

Pasta aliuvuta mkoba wake karibu.

"Ni kitu yangu mwenyewe, Mama Metrine. Naomba mniachie."

"Watoto wetu tunakuletea uwaombee. Mabinti zetu wanakuja kwako kwa ushauri. Hatuwezi kukuachia. Toa tuone, au uende utafute kanisa lingine."

"Toa!" sauti zikaitikia kutoka nyuma.

Shallon aliinuka ghafla. "Basi mimi nitawaambia..."

"Kaa, mama," Pasta akamwambia kwa upole. "Kaa tu. Imetosha."

Aliitoa mashine. Akakosea namba za siri mara mbili, ya tatu kioo kikawaka. Metrine akainyakua, akachomoa waya, akaongeza sauti hadi mwisho, akaiinua juu ili hata waliojazana madirishani wapate haki yao. Nerima alirefusha shingo kama bata.

Ikatoka sauti ya mwanamke, laini, ya polepole.

"Ba. Be. Bi. Bo. Bu," ilisema. "Vizuri sana! Sasa fuata herufi kwa kidole, usome mwenyewe."