Ncha ya Pili ya Chandarua

Wanalia na hawasikiki, ni nini? Watu wa sinema za zamani zisizo na sauti. Msimulizi alisimama kando ya pazia akawasemea wote.

“Mzee Kuroda,” mwongozaji wa picha, Hoshino, alimsihi msimulizi, “yule mama wa kwenye picha akifika kukunja chandarua cha marehemu mwanawe, nakuomba unyamaze.”

“Ninyamaze? Watu wamekuja kunisikia mimi, kijana. Wakitoka, mwenye jumba hakupi kazi tena!”

Picha ikafika pale. Kuroda akafumbua mdomo, akamwona Hoshino anavyomsihi kwa macho, akaufumba.

“Sema basi! Umemeza ulimi?” mtu akafoka.

Pale paziani mama alihangaika peke yake na chandarua kipana. Mstari wa mbele, bibi mmoja akanyanyuka, akanyoosha mikono apokee ncha ya pili.